Mikono Miwili Ukutani

Mtaani wanamwita Dobi, kwa sababu ndiyo kazi yake: duka dogo lenye mashine mbili za kufulia, pasi nzito isiyojua mapumziko, na kamba za nguo zinazoanzia dirishani na kuishia mlangoni, hata mteja huinama akiingia. Lakini Jumamosi za mashindano usijisumbue kumtafuta dukani. Utamkuta bwawani, amesimama ukingoni mwa maji, shati jeupe pe, suruali nyeupe yenye mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, na raba zilizolowa chepechepe. Waamuzi wenzake nao huvaa nyeupe, ila nyeupe yao ni ya kusamehewa. Ya Dobi inakusuta.

Na wala si yeye aliyekuwa muogeleaji. Ni binti yake, enzi za utoto. Dobi, kama mama, kazi yake ilikuwa kushika taulo na kusinzia jukwaani. Siku moja mwamuzi mmoja hakutokea, wakamwomba mama asimame mwisho wa njia, atazame tu. Akatazama. Binti alikuja akaacha kuogelea, akahamia kwenye mambo ya rika lake. Mama mpaka leo hajaacha kutazama.

Kazi yenyewe ni hii. Kila njia ya bwawa ina mwamuzi wake pale ukutani waogeleaji wanapogeukia. Katika mtindo wa chura, mtu anatakiwa aguse ukuta kwa mikono miwili, yote kwa pamoja. Akigusa kwa mmoja, mwamuzi ananyanyua mkono juu, na hapo huyo bwana ameshatolewa, hata akimaliza wa kwanza. Akigusa vizuri, mwamuzi hafanyi kitu. Hapigi makofi, hatabasamu, mkono wake unabaki chini. Basi. Hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kukupa, na wengi wanaoipata hawajui hata kama wamesifiwa.

Sasa mwaka huu binti amepata mchumba, fundi wa magari, kijana mpole mwenye kucha nyeusi na adabu nyeupe. Dobi alimpenda siku ya kwanza, akamnyang'anya ovaroli papo hapo akaifue. Tatizo halikuwa kijana. Tatizo lilikuwa baba yake.

Baba yake ni mwalimu wa udereva, na mji mzima unamjua. Ana gari dogo lenye bango kubwa juu, na sauti inayolifikia kila dirisha la barabara. "Mikono miwili! Usukani ni mikono miwili!" Ukishika kwa mmoja, umefeli, na machozi yako hayamsaidii mtu. Binti wa Dobi mwenyewe alirudishwa mara mbili kwa kosa hilo. Alikuwa analia nyuma ya gereji siku ile ya pili, fundi akamletea kiti na chupa ya maji, na mengine mnayajua.

Mwalimu huyu uzeeni alianza kuogelea kwa amri ya daktari. Kwa kuwa ni mtu asiyejua kufanya jambo nusunusu, akajiandikisha kwenye mashindano ya watu wazima, yale ya vitambi na vipara, ambayo Dobi huyapenda kuliko yote kwa sababu hakuna mzazi wa kumfokea. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Jumapili, Mwalimu na mkewe walikuwa waje nyumbani kwa Dobi kula chakula cha mchana na kuzungumzia harusi.

"Mama, nakuomba," binti alisema asubuhi ya Jumamosi, ameshika mlango kama askari. "Leo akikosea, jikune kichwa. Tazama ndege."

"Nikitazama ndege, nimekwenda kufanya nini?"

"Mama, yule mzee hajawahi kuambiwa amekosea tangu azaliwe! Ukimwaibisha mbele za watu, kesho hawaji. Na wasipokuja kesho, hawaji tena."

Dobi si mtu mgumu, msimwone hivyo. Roho ilimuuma. Alipofika bwawani tu alimwendea mwamuzi mkuu, akamweleza kwamba aliyepangwa njia ya nne ni mkwe wake mtarajiwa, na kwamba si vizuri yeye kusimama pale. Mwamuzi mkuu, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni usiku na mchana, akakubali bila maneno. Akamhamishia njia ya sita. Dobi akashusha pumzi, akampungia binti yake jukwaani kumwonyesha kwamba mambo shwari.

Shwari yenyewe haikudumu. Wazee wawili waliona maji ni baridi wakaghairi. Mmoja aliumwa mgongo akiwa anavua soksi. Waliobaki wakakusanywa, makundi mawili yakafanywa moja, njia zikapangwa upya. Dobi alipogeuka kutazama upande wa pili wa bwawa, nani yuko juu ya kijukwaa cha njia ya sita? Mwalimu, kifua mbele, kitambi mbele zaidi, akirekebisha miwani ya maji. Dobi alitaka kukimbilia kwa mwamuzi mkuu, lakini filimbi ilikuwa imeshalia.

Wakaruka. Bwawa likachafuka. Na haki ya mtu mpe: Mwalimu aliogelea. Alikuja kama gari jipya, kichwa kikizama na kuibuka, akiwaacha wenzake nyuma, na jukwaani mkewe, mama mnene mwenye kicheko cha kengele, alikuwa amepanda juu ya kiti. Dobi akainama ukingoni, mikono magotini, macho kwenye ukuta. Moyoni aliomba kwa bidii kuliko alivyowahi kumwombea mtu aliyevaa nguo ya kuogelea.

Hatua chache kabla ya ukuta, miwani ya Mwalimu ilimteleza puani. Mkono wa kushoto ukaenda kuirudisha. Wa kulia ukagusa ukuta, peke yake. Kisha akageuka kwa madaha, akaondoka.

Hakuna mwingine aliyeona. Binti jukwaani hakuona, mkewe hakuona, Mwalimu mwenyewe hakujua. Mkono wa Dobi ulikuwa umeshapanda juu kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Ndivyo mikono ya kazi ilivyo, haisubiri ruhusa.

Mwamuzi mkuu akaja upesi. "Umeona nini?"

"Wa kulia umegusa. Wa kushoto ulikuwa kwenye miwani."

"Una uhakika?"

Hapo ndipo penyewe. Sheria yao ni ya huruma: mwamuzi akiwa na shaka hata chembe, anayepewa ni muogeleaji. Neno dogo tu, "sina," na mkono ungeshuka, na harusi ingesonga, na hakuna mtu duniani angemlaumu. Dobi alitazama jukwaani. Binti yake alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Akamkumbuka nesi mmoja ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumtoa kwa kosa hilihili. Naye alikuwa na wanawe jukwaani wanaruka kwa furaha. Ila hakuwa mkwe wa mtu.

"Ninao," akasema, na sauti yenyewe ilitoka nyembamba, kama ya kuazima.

Mwalimu alimaliza wa kwanza. Alikuwa bado ananyoosha ngumi juu spika zilipotangaza kwamba njia ya sita imetolewa, kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja. Halafu kicheko kimoja kikapasuka jukwaani, kirefu, cha mtu anayeshika mbavu. Dobi hakutazama ni cha nani. Mwalimu alitoka majini, akapita mbele yake miwani ikiwa kipajini, akamtazama kutoka raba hadi kola, asiseme hata "habari". Akachukua taulo lake akaenda zake.

Jioni ile nyumbani hapakukalika. Binti alijifungia chumbani, na kila Dobi alipobisha hodi alijibiwa, "Nimelala." Simu haikulia. Dobi alipiga pasi kitambaa cha meza, akakikunjua, akakipiga pasi tena. Alijua hakukosea. Lakini kujua hukukosea hakumfuti mtoto machozi, na yeye alikuwa na mtoto mmoja tu.

Jumapili alipika hata hivyo. Akapanga sahani, akavaa gauni lake zuri, akakaa karibu na mlango akijifanya anashona kifungo. Saa ya wageni ikafika, ikapita. Binti alitoka chumbani macho yamevimba, akaanza kuziondoa sahani moja moja mezani.

"Ziache," mama akasema.

"Hawaji, mama."

Ndipo mlango ukapigwa kishindo, pa! Si hodi. Ni kishindo kimoja tu, cha kitu kipana. Dobi akafungua upande mmoja wa mlango. Mwalimu alikuwa nje, ndani ya suti, ameinama, kichwa katikati ya mabega, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye ule upande uliobaki umefungwa.

"Nimegusa," akasema bila kuinua kichwa. "Yote miwili. Kwa pamoja. Naweza kuendelea au nimetolewa?"

Nyuma yake mkewe alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, na kijana fundi amebeba keki, hajui atazame wapi.

"Mkwe, mruhusu aingie," mama yule akasema. "Tangu jana anagusa kuta za nyumba yangu. Sebuleni, jikoni, mpaka chooni. Rangi yote ina viganja! Nami nimeishi naye ujana wangu wote nikisubiri siku moja tu aambiwe amekosea. Mungu akubariki."

"Nilikasirika," Mwalimu akasema, bado ameinama. "Usiku kucha nimekasirika. Halafu nikakumbuka huyu binti yako alivyolia garini kwangu, akaniambia, 'Mwalimu, si mkono mmoja tu?' Unajua nilimjibu nini?"

"Ulisema huo mmoja ndio utakaoniua," binti akasema kutoka mezani, sahani kifuani.

"Eeh. Na nilimrudisha kwa kuwa nilitaka aishi." Akakohoa. "Mwenzangu wa namna hiyo nilikuwa sijampata. Sasa nimempata, na kumbe tunakuwa ndugu. Haya, mwamuzi. Mgongo unauma."

Dobi alisogea, akainama, akavitazama vile viganja kwa karibu, cha kulia, kisha cha kushoto, kama kazi inavyotaka. Nyuma yake binti yake alikuwa haendi wala harudi. Mkono wa Dobi ukabaki chini. Ukabaki chini kwa muda mzuri tu, ili kila mtu pale aone. Kisha akaitoa mikono ya mkwe wake mlangoni, akaishika kwa mikono yake yote miwili, akamwingiza ndani.