Ukinitangulia Nitakuua

Sauti yangu imo kwenye simu za watu nisiowajua. Wananisikiliza Mwanza, wananisikiliza Dar es Salaam, na jirani yangu anasema hata Uarabuni nimefika. Nasema "Nitakuua wewe," halafu picha inakatika, inaanza upya, nasema tena. Nitakuua wewe. Nitakuua wewe. Siwezi kukana. Sauti ni yangu, kanga ni yangu, na jeneza lililo mbele yangu ni la mjukuu wangu. Walichokata ni neno moja tu lililokuja kabla.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, zisimamisheni wenyewe mwendelee kusoma.

Mjukuu wangu mlimwona. Kama si kwenye filamu, basi kwenye ukuta wa saluni, amegeuza shingo, ana mwanya. Mwanya ule ni wangu. Msitazame makunyanzi ya leo. Nilikuwa nikipita na ndoo kichwani, wanaume wanasahau walikokuwa wanakwenda. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea hapa Ngokolo, Shinyanga, kwa michembe. Wasiotoka huku, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Yeye akikalia gunia, mimi nauza, na akianza kuimba wateja wanaongezeka. Alijua hilo mapema mno.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza. Anamwita babu yake mume, na mimi na yeye tunagombania mwanamume mmoja. Marehemu mzee wangu alikuwa akirudi kutoka malishoni, mtoto anampelekea ugali wa matope kwenye kifuniko, na mzee anaumega, anajilamba vidole, anasema, "Huyu mke mdogo ndiye anayejua kupika." Mimi nachukua mwiko namkimbiza mtoto uwanja mzima: "Mwizi wa waume! Leo nakumaliza!" Naye anakimbia huku anacheka mpaka anaanguka. Mtoto ambaye bibi yake hamtukani, huku kwetu, anajua hapendwi.

Alipotoa filamu yake ya kwanza alikuja kunichukua. Hakutaka niitazame sebuleni kwa mtu. Alinipeleka Maganzo, kwenye banda la video lililojaa wachimbaji wa almasi wenye matope magotini, akajifunika kitenge wasimtambue, tukakaa kwenye benchi la nyuma. Kwenye filamu alikuwa mke wa tajiri, na wifi yake akamwekea sumu kwenye juisi. Nilisimama. "Usinywe! Mke mwenzangu, usinywe!"

"Bibi, kaa chini, unatuziba!"

"Bibi, mwambie na huyo wifi aongeze sukari!"

Akanywa. Akafa vizuri sana, mkono ukadondoka kitandani polepole. Nikapiga yowe, nikavua kanga ya kichwani. Banda zima likacheka, na pembeni yangu kitenge kinatikisika, yeye mwenyewe ndani anacheka mpaka machozi. "Niko hapa, mke mwenzangu. Nipapase." Nikampapasa uso gizani, pua, mashavu, mwanya. Alikuwa wa moto kama mkate.

Tangu siku hiyo kila alipoondoka nilimsindikiza stendi, na kabla hajapanda gari nilimwambia, "Ukinitangulia nitakuua wewe." Naye alijibu, "Na wewe ukinitangulia nitakufufua, nikuue tena." Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu. Abiria walizoea.

Halafu umaarufu ukaja, na amani ikamtoka. Akija nyumbani hakai. Simu mbili zinalia, anatoka na moja uani, anarudi, anatoka na nyingine. Anakula amesimama. Ngozi aliyopewa na Mungu aliipaka mkorogo mpaka vidole vikabaki vyeusi na mikono myeupe kama ya mtu mwingine. Alikuwa na vidonge vya kulala na vidonge vya kuamka. Siku moja alikaa ndani ya nyumba na miwani ya jua, nikaivuta. Jicho limevimba.

"Ni la filamu, bibi. Tuliigiza."

"Uliigiza na ngumi ya nani?"

Akacheka. Nilijua ni ya nani. Kulikuwa na bwana mmoja mnunuzi wa dhahabu, upande wa Geita, mwenye mke na watoto wakubwa, aliyekuwa akigharamia filamu zake. Mtu akikununulia kila kitu huwa anataka na usingizi wako. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Mke mwenzangu, wivu utakuua."

Mtoto wake wa pekee si wa bwana huyo. Ni wa kijana mchimbaji aliyempenda kabla ya haya yote, akafukiwa na kifusi shimoni huko huko Geita mtoto akiwa hajatambaa. Mtoto huyo wa kike ndiye ninayelala naye mpaka leo. Na ni kwa ajili yake naandika, maana walikuja kumchukua.

Mara ya mwisho mjukuu wangu alipita hapa akielekea Geita kuigiza. Alikuwa amekonda shingoni. Alimsuka mtoto nywele, akazifumua, akazisuka tena, kisha akasema gari litamwacha. Stendi nikamwambia maneno yetu: ukinitangulia nitakuua wewe. Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi, akageuka na ule mwanya. "Ngoja basi nitangulie, nione."

Walimkuta gesti, amelala chali, amepakwa rangi za uso kama anayengoja kuitwa mbele ya kamera. Wengine wanasema mlango ulifungwa kwa ndani, wengine wanasema ulikuwa wazi. Wengine wanasema kulikuwa na glasi ya juisi iliyobaki nusu, na mimi hiyo juisi siwezi kuiondoa kichwani, maana niliiona Maganzo kabla haijamiminwa. Kiatu kimoja hakikupatikana. Polisi walisema wanachunguza. Daktari alisema moyo ulisimama. Nikamwambia, baba, moyo wa kila maiti umesimama, wewe niambie nani kausimamisha. Akainamia meza yake. Yule bwana wa dhahabu msibani hakuja. Alileta shada la maua kubwa kama gurudumu la trekta.

Mazishi yalikuwa hapa Shinyanga. Walikuja waigizaji wenye miwani myeusi, na vijana wa televisheni za mtandaoni wakapanda mpaka juu ya kuta. Nikaitwa kuaga. Bibi kwa mjukuu ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake. Nikampapasa uso. Alikuwa wa baridi kama chungu. Nikamwambia, "Amka, umezidi kuigiza. Hapa si Maganzo. Mwizi wa waume, umenichukulia mzee wangu, sasa umemfuata kabisa, mimi nibaki na nani? Si nilikuambia? Si nilikuambia, ukinitangulia nitakuua wewe?"

Akina mama wa kwetu walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Wale vijana wa kamera hawakucheka. Walitazamana.

Kabla matanga hayajaisha tayari nilikuwa kwenye simu za watu. Juu yangu wameandika kwa herufi nyekundu: BIBI AKIRI. Wamenikuza macho. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe niliyopikia tangu usichana, na huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, hahitaji kuelezwa yanayoweza kumpata. Jirani yangu alikuja akanishika mkono. "Mayu, mama yangu, jua likizama funga mlango. Na usiufungue hata ukisikia sauti unayoijua."

Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja, nikaona bado mchafu, nikafagia tena. Nilibandika viazi vikaungua nimesimama getini natazama barabara. Nilikwenda stendi bila safari, nikatazama watu wakipanda magari, nikarudi. Sokoni wanawake waligeuzageuza michembe yangu kwa ncha ya kidole, wakaiacha. Mzee wa kanisa akanishauri, "Bibi, kwa sasa acha huo utani, mpaka mambo yapoe." Nikaacha. Kitukuu changu, ambaye naye nilizoea kumwita mke mwenzangu, nikaanza kumwita "mwanangu". Mwanangu njoo ule. Mwanangu lala. Alinitazama kama mgeni aliyepotea nyumba. "Bibi, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Mimi nimefanya nini?"

Hapo ndipo wakaja wakwe zangu kutoka Geita, kaka na dada wa yule kijana aliyefukiwa shimoni. Kaka mtu ni mchimbaji, mtu mpana, mikono imepasuka kwa mawe. Dada mtu alivaa viatu virefu vikazama kwenye mchanga wa uwanja wangu. Kaka alisema, "Shikamoo bibi." Dada alisema, "Habari za hapa." Nikajua nani kaleta safari.

Niliwaletea viti. Dada hakukaa. "Tumekuja kwa ajili ya mtoto. Damu yetu ile. Hatuwezi kumwacha hapa, na dunia nzima imesikia."

"Dunia imesikia nusu," nikasema.

"Hata hiyo nusu inatosha. Bibi gani anasimama kwenye jeneza anasema nitakuua?"

"Bibi Msukuma, mkwe. Wewe umekulia wapi?"

Akanigeuzia simu, akaibonyeza. Nikasema pale pale uani kwangu, mbele ya kitukuu changu aliyekuwa ameegemea mlango: Nitakuua wewe. Sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku ile. Kaka mtu akatazama chini. Dada akamwita mtoto. "Njoo kwa shangazi. Tunakwenda Geita, kuna shule nzuri, kuna televisheni kubwa. Lete nguo zako."

Mtoto hakusogea. Aliniangalia mimi, ananipima. Mdomo wangu niliuogopa. Ningesema baki, wangesema nimemroga abaki. Akatazama ungo wa michembe uliokuwa juani.

"Siendi," akasema. "Nikiondoka huyu mke mwenzangu atakula michembe yote peke yake. Mlafi huyu. Afe kwanza, ndiyo nije."

Dada mtu akashika mdomo. Halafu kaka mtu akaanza kutikisika mabega. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akacheka mpaka kiti cha plastiki kikalia.

"Unacheka nini?" dada akamkemea.

"Bibi yetu yule," akasema, anajifuta macho kwa kiganja, "alikuwa anasema nikioa ataichoma nyumba. Siku ya harusi yangu si alikuja na kiberiti? Mkononi! Anakitikisa mbele ya bibi harusi! Na wewe alikuwa anakuitaje?"

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Alikuwa anakuitaje?"

"Mke mwenza," akasema kwa sauti ndogo.

"Alikuua?"

Dada mtu alitazama viatu vyake kwenye mchanga. Halafu akasema neno ambalo sikumchukia kwalo, kwa sababu ni la kweli. "Bibi yetu hakufiwa na mtu gesti. Yule dada amekufa, kaka. Mtu kamuua, au kajiua, au Mungu. Mimi sijui, wewe hujui. Watu wanataka wa kumshika."

"Na wewe umemwona aliye karibu," nikasema.

"Nimemwona aliyesema."

Kaka mtu akainuka. Akasema mtoto abaki mpaka shule zifungwe, halafu watakuja tena wazungumze. Si ushindi huo, najua. Shule hufungwa. Wakati wa kuondoka dada mtu alisita getini, akarudi hatua chache, akainamisha kichwa. "Shikamoo," akasema. Nikaitikia marahaba. Nikamfungia michembe kwenye mfuko, akaipokea. Sijui kama aliila au aliitupa njiani.

Jioni ile mtoto alikula vizuri kuliko siku zote, mimi ndiye sikula. Waliomuua mjukuu wangu, kama wapo, wanakula. Simu zake hazijarudishwa. Kiatu hakijapatikana. Nikisikia gari linapunguza mwendo nje nasimama, hata kama nina sahani mapajani.

Asubuhi nilimvalisha sare, nikamsindikiza mpaka getini. Jirani wa upande wa pili, kijana asiyenisalimia siku hizi, alikuwa kibarazani na simu yake mkononi, ameielekeza kwangu au alikuwa anatafuta mtandao, sijui. Mtoto alikwenda mbele kidogo, akasimama. Hakugeuka. Alikuwa ananingoja, nami nilijua anangoja nini. Nikamtazama yule kijana, nikaitazama simu yake. Nikafunga kanga yangu vizuri, ile ile niliyovaa msibani, ili wakinipiga picha wanipige sawasawa.

"We mwizi wa waume!" nikapaza sauti, mtaa mzima usikie, tena neno la kwanza nikalivuta refu, wasipate pa kukata. "Ukinitangulia! Ukinitangulia nitakuua wewe!"

Mabega ya mtoto yakaruka kwa kicheko. "Na wewe ukinitangulia nitakufufua!" akajibu bila kugeuka, akakimbia na mkoba wake ukimpigapiga mgongoni.

Sikujua kuwa mama yake alimfundisha jibu lake.