Kwa Nini Sikwenda Kumzika Mwalimu

Mwalimu wa baiolojia, jirani yangu hapa Kashaulili, amefariki kwa saratani ya damu, nami sikwenda kumzika. Mtaani nimesemwa sana, na wanaonisema wana haki, maana wanajua kwamba binti yangu yuko hai kwa sababu yake. Basi leo niacheni niseme asante yangu hapa gazetini.

Binti yetu alipotimiza mwaka alikuwa amepauka viganja na midomo, akicheza kidogo anachoka. Shangazi yangu alileta juisi ya rozela ndoo nzima ya kuongeza damu, majirani wakaleta maini na matembele. Mwalimu alipoiona ile ndoo alicheka, akamwambia mke wangu: “Mimi nilinyweshwa rozela mpaka nikadhani nitatoka jasho jekundu. Damu iligoma. Dada, nyie mpelekeni rufaa wakampime uboho.” Kumbe naye alizaliwa hivyo hivyo, ila jina la ugonjwa alilijua ukubwani.

Majibu yalipotoka, ugonjwa ni ule ule wake, alitueleza taratibu. Kila seli ina viwanda vidogo vya kutengeneza protini, vinaitwa ribosomu. Seli ikishindwa kuviunda vya kutosha, hujizuia kukua, na nyingi hufa. Kwa ugonjwa huu, zinazotengeneza damu ndizo huumia zaidi. Akataja pia hatari ya saratani; nikamuuliza inaingiaje hapo, wakati saratani ni seli zinazokataa kufa.

“Umeuliza vizuri, shemeji. Zinazokufa zina breki. Miaka inakwenda, moja inaharibika breki, inazidi kuzaana na ubovu wake. Hiyo ndiyo ya kuogopa.”

Mke wangu akauliza kwa sauti ndogo kama mtoto wetu ataipata.

“Inaweza kutokea, ila wengi haiwapati. Nyie kliniki msikose. Hasa akiwa mzima anacheza, maana hapo ndipo mtaona uvivu.”

Alitujua. Huku kwetu mtu mzima wa afya akionekana hospitali anaulizwa amekwenda kumwona nani. Yeye alitufundisha kwenda wakati hakuna kinachouma, na hata baada ya saratani kumlaza, salamu yake ya kwanza ilikuwa kuuliza kliniki lini.

Mazishi yake yaliangukia siku ya kusafiri kwenda kliniki ya binti yetu, huko Mbeya. Mke wangu alikuwa ameshavaa khanga ya msiba. Tulitazamana, hatukubishana, tukapanda basi. Vipimo vilikuwa vizuri, na daktari alipotusifu kwa kutokosa, mke wangu akalia palepale.

Nimejifunza kwamba kuna watu ambao kuwatii ndiyo rambirambi yao. Jumapili tutakwenda kaburini na binti yetu, na kile kilima cha makaburi atakipanda kwa miguu yake mwenyewe.