Mwandiko wa Baba

Baba alinifundisha kuandika kabla sijaanza shule. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ubao wetu ulikuwa mlango wa jiko. Aliandika kwa chaki, mimi nikafuatisha chini yake, na kama g yangu haikuwa na mkia mrefu unaopinda kurudi juu, nilifuta nikaanza upya, huku mama akisubiri kupita na sufuria ya ndizi. Mpaka naingia chuo kikuu, hata mama alikuwa hawezi kutofautisha mwandiko wangu na wa baba.

Kwa hiyo mwaka wa pili, karatasi ya majibu ilipookotwa chini ya kiti changu kwenye chumba cha mtihani, sikuogopa sana. Haikuwa yangu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, herufi fupi zilizolalia kushoto. Niliiomba kamati ya nidhamu iweke karatasi ile kando ya daftari langu. Dakika moja tu.

Wajumbe walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa mhadhiri wetu, ambaye darasani alituhimiza tusikubali jambo lolote bila ushahidi. Aliangalia saa yake.

"Kilichokutwa chini ya kiti chako ni chako," mwenyekiti alisema. "Unajutia au hujutii?"

"Mheshimiwa, nitajutiaje kabla hamjaangalia?"

Akamgeukia katibu. "Andika hapo. Hajutii."

Nikasimamishwa masomo mwaka mzima. Barua ilisema adhabu hiyo ina lengo la kunifunza. Nilirudi nyumbani Kinyala nikiwa bado najiuliza inanifunza nini, maana mtu aliyeiba majibu na mtu asiyeiba wangepewa barua ileile.

Nikaingia shambani na mama kuchuma chai. Jirani mmoja, mwimbaji mwenzake wa kwaya, alinicheka kutoka mstari wa pili. "Msomi! Kumbe vidole havijasahau!"

"Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo," mama alimjibu haraka, bila kunitazama.

Niliandika rufaa ya kurasa nne. Ndani yake niliomba kitu kimoja tu: miandiko ilinganishwe. Sikuomba kupunguziwa adhabu. Nilitaka isemwe kwamba sikuiba. Baba alikuwa anakwenda Tukuyu kufuata dawa zake za presha, nikampa bahasha aipeleke posta.

Wiki kadhaa baadaye chuo kilipiga simu. Rufaa imekubaliwa, nirudi muhula unaofuata. Nilikimbia kati ya migomba nikipiga kelele. "Tata! Wameangalia! Wameangalia mwandiko!"

Nyumbani tunamwita Tata. Alikuwa anapanga kuni ukutani. "Mungu ni mwema," alisema, kisha akainama kuzipanga upya zile alizokwisha kuzipanga.

Chuoni, karani wa ofisi ya wanafunzi alifungua faili langu na kutabasamu.

"Mdogo wangu, kumbe ndiye wewe? Kamati iliipenda sana barua yako. Mwenyekiti kaagiza tuwasomee wenzio wanaoitwa, wajue barua ya kujutia inaandikwaje."

Akaigeuza upande wangu. *Nakiri kwamba karatasi ile ilikuwa yangu.* Kila g ilikuwa na mkia wake, umepinda kurudi juu. Nitasema ukweli: kwa muda nilijiuliza niliiandika lini. Hata saini ilikuwa yangu.

"Saini hapa chini kuthibitisha ni ya kwako, nikusajili."

Nyuma yangu foleni ilifika mlangoni. Kamati iliyokataa dakika moja ya kutazama mwandiko wangu sasa ilikuwa inausambaza. Nikasaini.

Krismasi nilipofika nyumbani sikungoja hata chai.

"Tata, rufaa yangu iko wapi?"

Hakuuliza rufaa gani. Aliingia chumbani, akatoka na bahasha yangu. "Kaa, mama," aliniambia, kama anavyoniita akitaka niwe mpole.

"Sikai."

"Darasani kwangu, aliyekiri alirudi kwenye dawati. Aliyebisha alipiga magoti nje mpaka kengele. Wale wa chuoni ni walimu kama mimi. Nawajua."

"Na kama aliyebisha alikuwa anasema kweli?"

Aliitazama mikono yake. Nje mvua ilikuwa imeanza, na mama aliita kutoka jikoni kwamba nguo zinalowa. Hakuna aliyekwenda kuzianua.

"Wa namna hiyo walikuwepo," alisema. "Nadhani walikuwepo."

Nikafungua bahasha. Kurasa zote nne alikuwa amezisahihisha kwa kalamu nyekundu. *Hapa umepandisha sauti. Hapa huombi, unaamuru.* Lakini ukurasa wa tatu, kando ya sentensi niliyosema kwamba mwandiko ule si wangu, hakuandika neno. Aliweka tiki, kubwa, kama zile za kwenye daftari langu la darasa la kwanza.

"Kwa hiyo uliniamini."

"Tangu siku uliyofika na begi lako."

Afadhali angeniona mwizi. Baba anayedhani mtoto wake ameiba, akamwombea msamaha, huyo ningemwelewa. Huyu alijua, akakaa mezani na kuniandikia wizi kwa mkono alionifundishia.

Nimehitimu sasa. Cheti changu baba alikitundika mwenyewe sebuleni, na wageni huitwa wakitazame. Barua ile bado iko kwenye faili, na sijui ni wangapi wamesomewa. Mara tatu nimeanza kuandika chuoni waiondoe. Naanza vizuri, natoa maelezo, kisha nafika kwenye sentensi inayosema barua ile sikuiandika mimi. Baada ya hapo wataniuliza, aliandika nani?

Juzi alinikuta mezani na karatasi. Alisimama nyuma yangu, akasoma.

"Utanitaja?"

"Sijui, Tata."

Hakuniomba nisimtaje. Alikwenda kuwasha taa, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshuka na chumba kimeingia giza, kisha akaniachia kalamu yangu.