Kadi ya Umeme ya Kabati la Pili

Miaka ile ya mgao wa umeme tulizoea kufanya kazi kwa tochi mchana kweupe. Chumba cha mtambo wa simu, pale Morogoro mjini, hakikuwa na madirisha. Umeme ukikatika feni zilinyamaza, na mtambo ukaendelea kuishi kwa betri. Mimi nilikuwa fundi wa zamu. Shirika la simu lilikuwa linaandaliwa kuuzwa, kila mara tukisikia habari za mnunuzi mwingine, na ununuzi wa vipuri ulikuwa umesimamishwa mpaka mambo yakae sawa.

Laini zetu zilikaa kwenye makabati mawili. La kwanza lilibeba hospitali, polisi, ofisi, kiwanda cha Mzinga na njia ya kwenda Dar. La pili lilibeba mitaa, pamoja na Kichangani, nilikoishi na mama. Kila kabati lilitengenezwa liwe na kadi mbili za umeme, vibamba vya kulipa nguvu kutoka kwenye betri, moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Lakini kila kabati lilikuwa limekwisha kufiwa na kadi moja, na mbadala haukuja.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa kwetu na mimba yake ya kwanza, amefikia siku zake za kujifungua. Nikitoka asubuhi, mama alinishika mkono mlangoni.

"Uchungu ukimshika nakupigia. Utume gari la ofisi."

"Nitatuma, mama. Dereva nimeshaongea naye."

Umeme ulikatika mapema. Kufika adhuhuri betri zilikuwa zimeshuka, na betri zikishuka kadi hujikamua zaidi na kupata moto. Nilisikia harufu kabla sijaona kitu, kama rangi inayoungua. Niligusa kabati la kwanza, nikaondoa mkono haraka. Taa ya kadi yake, ambayo siku zote ni ya kijani, ilikuwa inapepesa nyekundu.

Nilimwita mkuu wangu, mzee mmoja mtaratibu aliyehamia kwetu kutoka Moshi. Alikuja shati limelowa jasho.

"Itakaa muda gani?"

"Sijui, mzee. Inaweza kukata sasa hivi."

"Isikate. Opereta kaniambia daktari wa hospitali yuko kwenye simu na bingwa wa Dar, anaelekezwa. Mgonjwa yuko mezani, tumbo wazi."

Akaangaza tochi kwenye kabati la pili. Mimi nilikuwa nimeshalitazama.

"Tuitoe kadi ya kule tuilete huku," akasema.

"Simu za mitaa yote zitazimika. Na mdogo wangu yuko nyumbani, mama atanipigia wakati wowote."

Alielekeza tochi kwenye simu. "Basi piga kwanza, uwaambie."

Nilipiga. Iliita, ikaita, hakuna aliyepokea. Nilijua mama yuko uani na kelele za kinu. Gari nalo lilikuwa Mzinga na mafundi wa nje. Nilipiga mara ya pili. Taa nyekundu ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja: kadi ilikuwa inakata roho.

Niliweka simu chini, nikachomoa kadi ya kabati la pili. Taa zake zote zikafa pamoja. Kuipachika kwenye nafasi iliyo wazi ya kabati la kwanza kulikuwa na ugumu wake: ikiingia upande inapiga cheche, na makabati yote yanalala. Mkuu alishika tochi kwa mikono miwili. Niliisukuma polepole, vidole vinateleza kwa jasho, mpaka nikasikia imekaa. Tulisubiri. Ikawaka kijani. Ndipo nikazima ile iliyokuwa inaungua.

"Daktari bado yuko hewani?" nilimuuliza opereta.

"Bado wanaongea."

Nilipiga Mzinga mbio, nikamwambia dereva apitie Kichangani. Alirudi na jibu kwamba nyumba imefungwa, hakuna mtu. Nilikaa kwenye kiti karibu na simu. Zamu nisingeweza kuiacha, na kila simu iliyolia ilinishtua.

Jioni ikalia moja kutoka hospitali. Alikuwa mama, kapewa simu na nesi, anafoka.

"Wewe fundi gani, nyumbani kwako simu imekufa? Nimepiga mpaka kidole kinauma! Tumekuja na pikapu ya muuza ndizi, mwenzio nusura azalie juu ya mikungu!"

"Yuko salama?"

"Yuko salama. Mtoto wa kike."

Nililia hadi mkuu akatoka nje kuniachia chumba.

Nilipofika wodini nilimweleza mama kila kitu. Alisikiliza, mtoto mapajani.

"Ungeniambia asubuhi kwamba hiyo mitambo yenu ni mibovu, ningemleta mapema," alisema. Kisha akauliza, "Na huyo wa mezani?"

"Sijui."

"Kaulize."

Nesi alinionyesha kitanda karibu na dirisha. Mama mmoja wa milimani, kalala na mpira wa maji mkononi, anapumua. Ndugu zake walikuwa bado hawajafika mjini. Kesho yake mama yangu alipika uji wa watu wawili, akaupeleka wodini.