Nyumba Iliyokuwa Nyuma ya Mama

Studio yetu ya runinga ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitui, na kila kitu humo ni kijani: ukuta, sakafu, hata sanduku la mbao tunalowakalisha wageni. Kazi yangu ni kuufuta ukijani huo kwa kompyuta na kuweka mahali pake sebule ya kifahari, yenye dirisha kubwa na maghorofa ya jiji nje. Watazamaji wanaona sofa. Mgeni anajua amekalia mbao, tena asijaribu kuegemea.

Mama alikuja kutoka Mbooni kumtafuta ndugu yangu mdogo. Katika kiangazi kibaya, ndugu yangu aliuza dume la kulimia tuliloachiwa na baba, bila kumwuliza mtu, akihofia litafia zizini. Mama alimtolea maneno mazito. Ndugu yangu akaondoka, akawa utingo wa malori ya barabara ya Mombasa, akabadilisha na laini ya simu. Sasa mama alitaka kumwambia mbele ya watu kwamba yamekwisha, arudi.

Alivaa sare ya akina mama wa kanisa, gauni na kitambaa cha kichwa, kama afanyavyo kila anaposimama mbele ya watu kwa jambo zito. Sare hiyo ni ya kijani. Nilipowasha kamera, kwenye skrini ulibaki uso na mikono miwili ikielea juu ya sofa. Mtangazaji alicheka, kisha akaniangalia.

Nilimwomba meneja tuzime sebule, tumwonyeshe mama na ukuta wetu ulivyo. Akakataa, ati kituo kitaonekana cha kijijini, kana kwamba sisi tuko Ulaya. Basi mama akavua sare, akavishwa koti jeusi la mtangazaji na skafu yake ya maua. Alijitazama kwenye skrini.

“Hii nyumba ni ya nani?”

Nikamwambia si ya mtu.

“Sasa atanijua aje?”

Nikamwambia atamjua kwa sauti.

Akasema kwa Kikamba chake cha taratibu, bila kutetemeka: “Huyo ng'ombe angekufa tu. Wewe rudi.”

Tulingoja. Baadaye jirani yetu, mfanyabiashara wa maembe, alimkuta ndugu yangu kwenye mkahawa wa Mtito Andei na kumsihi aende nyumbani. Kumbe alikuwa amemwona mama, mumo humo mkahawani, runinga ikiwa imezimwa sauti ili watu wasikilize muziki.

“Nyumbani gani?” akamwuliza jirani. “Mama aliuza shamba, akahamia Nairobi. Ako sawa. Si nilimwona na macho yangu?”

Jirani aliapa kwamba mama yuko Mbooni. Hakuaminiwa. Lori likapiga honi, ndugu yangu akapanda.

Niliichukia ile kompyuta, na bado ninaichukia, ingawa ndiyo inayonilisha. Mama hakulia. Aliniuliza tu kama inaweza kuweka boma letu. Inaweza. Nikapiga picha nyumba, na zizi tupu, na mahindi yaliyokauka, nikamkalisha tena juu ya sanduku na koti la kuazima.

Kwenye skrini alionekana kama mgeni aliyepita hapo kuuliza njia.