Ng'ombe Sita kwa Jina la Nyakundi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliacha shule darasa la sita nikiwa na kaptura moja, na leo nina lori tatu za kubeba ndizi mpaka Nairobi, nina nyumba ya mawe, na yule mwalimu aliyekuwa akiniita kichwa maji huja kuniomba ruhusa aokote kuni kwenye shamba langu la miti. Nimeibiwa na dereva niliyemlea mwenyewe. Nimeona mto ukibeba ng'ombe pamoja na zizi lake. Nimemwona mwanasiasa akilia machozi ya kweli. Sasa unishangaze na nini?

Lakini wacha nikwambie wewe unayenisoma. Juzi niliingia duka la Mhindi mmoja pale Kisii mjini kununua turubai. Akafungua kopo la vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na ile harufu ikanifikia puani. Nikasimama kama mti, pesa mkononi.

"Bwana mkubwa, unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia ni vumbi.

Haikuwa vumbi. Ilikuwa sanduku la Magokoro. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limefungwa kwa kamba ya katani, na kila lilipofunguliwa harufu hiyo ilitangulia kutoka kabla ya kitu kingine chochote. Ndani mlikuwa na picha moja tu, imezungushiwa kitambaa: kijana aliyevaa sare ya jeshi, kofia imeinama upande, na masikio makubwa yaliyosimama kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka. Kila Jumapili Magokoro aliitoa, akaifuta kwa upindo wa leso yake, akaiegemeza ukutani juu ya meza, kisha akaiwekea kikombe cha uji wa wimbi. "Huyu ni Nyakundi," alikuwa akisema. "Mwenye boma hili." Uji ukishapoa aliniita mimi niunywe, kwa sababu nimepewa jina lake. Ndugu zangu walitazama tu, wakimeza mate.

Hii ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, kijijini kwetu karibu na Birongo, nami nina miaka kumi. Nilijua, kama ninavyojua mvua hulowesha, kwamba yule kijana alikuwa babu yangu, aliyekwenda vita vya Mjapani kule Burma asirudi. Shuleni walinicheka: "Nyakundi, masikio yako yanashika redio ya Tanzania!" Nami nikawajibu: "Haya ni masikio ya askari. Yalisikia bunduki kabla baba yako hajazaliwa!" Unaona? Hata wakati huo mdomo nilikuwa nao.

Jirani yetu Mzee Ombati alikuwa amekwenda vita hivyo hivyo na akarudi, ila goti moja lilikataa kukunjika. Kiswahili changu nilikiokota kwake, Kiswahili cha jeshi, cha amri na matusi, huku nikimsaidia kuanika maua ya pareto. "Mjapani hakuwa amemwibia Mgusii hata ndizi moja," alikuwa akiniambia. "Tuliambiwa tunapigania uhuru wa dunia nzima. Haya, nikarudi, nikavuliwa kofia kwa nguvu mbele ya kijana wa Kizungu ambaye hata ndevu hakuwa nazo. Sasa mimi nilipigania dunia gani?" Alivicheka vita, akavitemea mate. Lakini akifika kwenye majina ya wenzake waliobaki kule, alivua kofia yake mwenyewe, polepole, na hakuivaa tena mpaka amalize kuyataja yote.

Siku moja chifu akatangaza kwenye baraza: atakuja karani kuandika majina ya watu wetu waliokufa vitani, na majina hayo yatachongwa kwenye jiwe litakalosimama pale kwa chifu. Jamaa wa marehemu waje wayathibitishe. Magokoro hakulala vizuri wiki ile. Siku yenyewe alivaa gauni lake la kanisani, akafunga picha kifuani, akanishika mkono.

Karani alikuwa mtu wa mbali, hakujua neno la Ekegusii, lugha yetu. Magokoro naye hakujua neno la Kiswahili. Msaidizi wa chifu, ambaye angewatafsiria, alikuwa amekwenda mazishi Mosocho. Nikainua mkono kabla mtu mwingine hajajitolea. "Mimi najua Kiswahili!" Watu wakacheka, lakini Magokoro alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu yeyote, hata siku niliponunua lori la kwanza.

Karani akaandika jina. Nyakundi. Nililiona likiingia kwenye karatasi. Kisha akasema, "Muulize bibi, waliishi na huyo mume wake muda gani kabla hajaondoka?"

Nikamuuliza. Magokoro akajibu taratibu, kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha:

"Mwambie sikumwona. Alipokufa mimi nilikuwa msichana mdogo kwetu Sironga. Mama yake, Moraa, hakuwa na mtoto mwingine. Alipewa pesa za kifo chake, akanunua ng'ombe sita, akawapeleka kwa baba yangu, akanioa kwa jina la mwanawe ili jina lisipotee. Watoto wangu wote ni wa Nyakundi. Sikumwona, lakini ni mume wangu."

Wazee waliokuwa kwenye benchi waliitikia kwa vichwa. Kwao halikuwa jambo geni; mila iliruhusu, na aliyemzaa baba yangu alijulikana na hakutajwa. Ila mimi nilikuwa sijaambiwa. Mkono wangu ulipanda wenyewe ukashika sikio. Haya masikio nimeyatoa wapi, basi? Nikawaona wenzangu wa shule wamepanda ua wa chifu, wanangoja.

"Amesema nini?" karani akauliza.

"Amesema waliishi pamoja miaka miwili," nikasema. Uongo ni kama mbuzi, ukifungua mlango kwa mmoja wote wanatoka. "Amesema alikuwa akimletea leso kutoka mjini. Amesema alipoondoka alimbeba baba yangu begani mpaka barabarani."

Fimbo iligonga ardhi. Mzee Ombati alikuwa amesimama na goti lake gumu.

"Mwongo! Nyakundi nilimzika kwa mikono hii, akiwa kijana asiyejua mwanamke! Usimsemee maiti uongo, wewe mtoto!"

Karani akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo huyu mama si mjane wake?"

"Ni mke wake," akasema Mzee Ombati, "kwa mila yetu ni mke, ila..."

"Mila haiandikwi hapa, mzee. Nimezoea, kila mahali watu wanatafuta pesa za wafu." Akachukua rula na kalamu nyekundu.

Hapo ndipo mzee alipoelewa. "Bwana karani, kata mke, usikate jina! Huyo alikufa kweli! Mimi ndiye shahidi!"

"Shahidi umeshasema ni uongo. Anayefuata!"

Mstari uliokata jina ulikuwa mwekundu na umenyooka sana. Magokoro aliutazama, akanitazama mimi. Hakujua Kiswahili, lakini watu walikuwa wamejaa na ndimi zao. Kabla hatujafika langoni alikuwa ameshaambiwa kila neno.

Njiani alitangulia, mimi nyuma. Tulipofika kijitoni alisimama akanawa miguu, akasema bila kugeuka, "Ng'ombe sita walitembea kutoka hapa mpaka Sironga kwa ajili ya jina lile." Basi. Hakunipiga, na nilitamani sana anipige. Jumapili iliyofuata alifungua sanduku, akaiegemeza picha, akaweka kikombe cha uji. Ukapoa. Ukaota utando juu. Hakuniita.

Magokoro alikufa nikiwa kijana wa kusukuma mkokoteni sokoni. Jiwe la chifu bado liko pale, lina majina kumi na moja. Nimepita mbele yake na lori zangu mara elfu, na kila mara nimeangalia upande wa pili.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kusema uongo, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi. Sasa ninajua zaidi. Mimi nilitafsiri kama walivyotafsiri wale wakubwa waliowaita vijana wetu vitani: wao walichukua ugomvi wao, wakautafsiri ukawa uhuru wetu, na watu wakafa kwa tafsiri hiyo. Mimi nilichukua ukweli wa mwanamke nikauona mdogo, nikauvisha leso za mjini. Sikuelewa kwamba kumpikia uji mtu ambaye hujamwona, maisha yako yote, ni heshima ambayo hakuna serikali imewahi kumpa askari. Vita vile sijui vilikuwa vya nini, na Mzee Ombati alikufa hajui. Nyakundi naye alikufa hajui. Aliyemtafutia maana ni mama yake, kwa ng'ombe sita, na msichana wa Sironga aliyekubali.

Basi nilipotoka kwa yule Mhindi sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa fundi wa kuchonga mawe. Jiwe nilikuwa nalo, lilibaki nilipojenga nyumba, na sasa limesimama kando ya kaburi la Magokoro. Limeandikwa Kiswahili, yale maneno niliyotumwa na nikashindwa kuyafikisha: NYAKUNDI. SIKUMWONA, LAKINI NI MUME WANGU.

Mimi nimelipia injini, mahari, kesi za shamba. Nilidhani hakuna bei ya kunishangaza. Fundi akahesabu herufi kwa kidole: thelathini na nne, kila moja mia na hamsini, nukta na mkato akanipa bure. Shilingi elfu tano na mia moja, bei isiyonunua hata ndama mmoja.