Sanduku la Safari ya Mizabibu

Kazini walimwita Milimita. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na imani yake ilikuwa moja tu: acha pambizo, nafasi tupu ya ukingoni. Bila pambizo, kisu kinakula maneno. Imani hiyo aliihamishia nyumbani, ambako hakuna kisu, na huko ndiko ilikoharibu zaidi.

Mkewe alitaka kitu kimoja: siku tatu kwenye bonde la mizabibu wakati wa mavuno, katika nyumba ya wageni aliyoisoma gazetini, waone watu wakikata zabibu na waonje mvinyo kabla haujapachikwa bei. Milimita hakumkatalia. Hakuwahi kumkatalia mkewe kitu, alikuwa akiahirisha. Mwaka wa kwanza kiwanda kilikuwa kinaleta mashine mpya. Wa pili, barabara ilikuwa inatengenezwa. "Mwaka kesho," alisema kila mara, kwa upole wa mtu anayeacha nafasi ya kutosha. Aliacha nafasi ya miaka tisa. Kisha homa ya mapafu ikamchukua mkewe, wiki tano kabla ya mavuno.

Huu ni mwaka wa pili tangu mkewe afariki. Milimita amestaafu. Nyumba ina vyumba vitatu, naye hutumia kimoja na robo. Ndara za marehemu ziko chini ya kitanda, upande ule ule, na asubuhi nyingine Milimita huapa kwamba zimesogea. Amezipima kwa rula. Hazijasogea. Anaendelea kuzipima.

Mwezi uliopita aliamua kwenda. Alichora ratiba ya basi kwa dakika, akaacha dakika arobaini za tahadhari kila kituo, kisha akapiga simu nyumba ya wageni, akajitambulisha na kuomba chumba cha siku tatu.

Mwanamke wa upande wa pili alicheka hadi akakohoa. "Kumbe ndiye wewe, Bwana Mwaka Kesho! Shemeji, chumba chenu ninacho. Dirisha la mizabibu, vitanda viwili."

"Chumba chetu?"

"Dada, mkeo, alikiandikisha mwaka wa kumi na moja huu. Akaniambia, tusipofika, utuhamishie mwaka unaofuata. Basi kila nikifungua daftari jipya, nawahamisha. Kila msimu alikuwa akinipigia, tunakusengenya wee mpaka salio linakata. Siku hizi kimya. Kanikasirikia? Hebu mpe simu nimsalimie."

Milimita alitazama mlango wa chumbani.

"Yuko ndani," alisema. "Amelala."

"Haya, usimwamshe. Tarehe sikupi, zabibu hazijui kalenda. Zikiiva nakupigia, mnaondoka siku hiyo hiyo."

Ratiba ya dakika ikaenda na maji. Lakini hilo lilikuwa dogo mbele ya bintiye, aliyekuja kumtembelea na alikuwa jikoni akisikia yote.

"Mama amelala? Baba! Mpigie sasa hivi umwambie ukweli."

"Nikimwambia, atamfuta."

"Atamfuta wapi?"

"Daftarini. Kwingine kote ameandikwa marehemu. Pale tu ndipo bado anasubiriwa."

Binti aliingia chumbani. Alipanda kiti, akashusha sanduku la mama yake kutoka juu ya kabati. Lilishuka na uzito ambao sanduku tupu halina.

"Ulijua alikuwa amelipanga?" aliuliza, akilifungua. "Kila mwaka alibadilisha gauni tu."

Milimita hakujua. Upande wa kushoto kulikuwa na magauni mawili, kofia ya jua, taulo. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Alichukua rula, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya kingine. Nusu kwa nusu. Kwa miaka yote kazini hakuwahi kukata sawasawa hivyo.

Simu ililia asubuhi ya Alhamisi.

"Shemeji, zimeiva! Kesho alfajiri tunakata. Mnakuja, au niwahamishie?"

Neno lilimjia lenyewe hadi kwenye ulimi, limezoea njia. Akalimeza.

"Nakuja peke yangu. Dada yako alifariki miaka miwili iliyopita. Ile siku nilikudanganya."

Alisikia daftari likiburutwa mezani. Kisha akasikia ukurasa ukifunuliwa. Sauti ya karatasi haimpotei. Akasubiri kalamu. Aliisubiri kwa muda mrefu, na kalamu haikuja.

"Vitanda vyote viwili nimeshatandika," mwanamke alisema hatimaye, sauti imemshuka. "Sitandui hata kimoja. Njoo, shemeji."

Milimita alipanga mashati yake upande wa kulia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya upana wa kiganja, na mtu wa kazi yake angeiacha ilivyo. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi chumbani. Akainama chini ya kitanda, akachukua zile ndara bila kuzipima, akazishindilia humo.

Sanduku lilifungika kwa kulikalia.